Majibu Ishirini Niliyoyaandika Mwenyewe

Mimi ni fundi wa vyuma, na karakana yangu iko nyuma ya soko la Kibuye, mjini Kisumu. Natengeneza mageti na madirisha, na kazi ikipungua natengeneza majiko ya mkaa. Nimeifanya kazi hii miaka ishirini na sita. Shule nilisoma mpaka darasa la nane, nikaishia hapo. Watu wanaonijua watakuambia kwamba Zadock ni fundi mzuri lakini hana mdomo. Mteja akija na kusema geti limepinda, nalichukua na kulirudia hata kama halikupinda, kwa sababu kubishana kunanichosha kuliko kuchomelea. Wateja wagumu huongea na mke wangu, Janice. Nimekuwa hivyo tangu utotoni, na kwa muda mrefu nilidhani ni tabia isiyomdhuru mtu.

Mama yangu alizaliwa Asembo Bay, karibu na ufuo ambako wanawake hukausha omena, wale samaki wadogo kuliko kidole cha mtoto. Mashua zikifika asubuhi, wanawake hununua omena kwa karai na kuwatandaza mchangani juu ya nyavu kuukuu. Jua likiwa zuri, kufikia jioni wamekauka. Mvua ikishuka saa nane mchana, basi. Omena walionyeshewa hugeuka rangi na kunuka, na mnunuzi wao ni mtu wa chakula cha kuku tu. Nikiwa mdogo nilimwona nyanya yangu akikimbia na gunia kufunika omena wake. Mvua ilimshinda. Alikaa chini pale mchangani, ameloa, gunia bado mkononi.

Nadhani wazo langu lilitoka hapo, ingawa lilikawia miaka arobaini. Mwaka jana nilitengeneza kitanda cha omena: fremu ya chuma yenye miguu minne, wavu umevutwa juu yake, na juu ya wavu nailoni nyeupe iliyoshikwa na vyuma vilivyokunjwa kama upinde. Jua linapita, mvua haipiti, mchanga hauingii. Nilikiweka mbele ya karakana, na mtu wa kwanza kukiona alikuwa Ndirangu, jirani yangu mwenye duka la misumari na mabati. Ndirangu ni mtu wa Nyeri, lakini amekaa Kisumu mpaka siku hizi anaota kwa Kidholuo.

"Hii ni nini? Kitanda ya mtoto?"

"Ya omena," nikasema.

Akazunguka mara mbili. "Zadock, wewe Mungu amekupa mikono akasahau mdomo. Hii kitu ukiiacha hapa, watu watafikiri ni banda ya kuku. Kuna ofisi Milimani wanasaidia watu wenye wazo kama hii. Nenda."

"Nitasema nini?"

"Sema vile umeniambia. Maneno mbili. Ya omena."

Nilikwenda baada ya wiki tatu, kwa sababu kila nilipovaa shati la kwenda nililivua tena. Pale Milimani nilipokelewa na msichana anayeitwa Mumbi. Namwita msichana, ila alikuwa mtu wa kama miaka thelathini, msomi, na hakunicheka. Alitazama picha za kitanda kwenye simu yangu, akaniuliza maswali polepole. Halafu akanieleza utaratibu wao. Kila awamu wanachagua watu sita. Aliyechaguliwa anapewa vyuma na nailoni vya kutengeneza vitanda hamsini, na mtu wa kumfundisha biashara kwa miezi sita. Lakini kwanza lazima wazo lijaribiwe.

"Mzee, sisi wawili tukipenda hiki kitanda haisaidii," alisema. "Mimi siuzi omena. Wewe pia. Wapelekee wenyewe wakitumie, halafu rudi uwaulize. Usiwaambie ni kizuri. Uliza, nyamaza, uandike vile wamesema, hata kama ni matusi."

Akanipa fomu ishirini, za watu ishirini. Maswali yalikuwa manne. Umekitumia mara ngapi? Kimekusaidia nini? Kina kasoro gani? Ungekinunua? Chini palikuwa na nafasi ya jina na sahihi.

Janice alipoziona alifurahi kuliko mimi. Tayari alikuwa ameanza kusema, "Ukipata hizo vyuma, tutahama hapa kwenye matope." Na kweli karakana yetu inajaa maji kila mvua kubwa. Nikazitia fomu kwenye mfuko wa karatasi, nikaziweka juu ya kabati pahali panya hawafiki.

Mwezi wa Machi nilipeleka vitanda vitano Asembo Bay. Kiongozi wa kundi la wanawake wa omena pale ni Jacinta, mama mwenye umri wa kama miaka sitini, mfupi, mwenye sauti inayofika mpaka kwenye mashua. Aliponijua mimi ni mtoto wa nani, alinikumbatia. Kutoka siku hiyo aliniita okewa, yaani mtoto wa binti yetu. Kwetu, mtu akienda upande wa kina mama yake huwa kama mgeni na mwenyeji kwa pamoja: wanamdekeza, na aibu yake ni aibu yao. Jacinta aliniandikia kwenye karatasi majina ya wanawake ishirini wa kundi lake. Vitanda vitano wangepokezana. Mmoja wa waliochukua kwanza alikuwa mama mwembamba mwenye jino moja la mbele limevunjika, Lornah. Alikigonga kitanda kwa kidole, akasikiliza mlio wake kama mtu anayenunua chungu.

"Okewa wetu ametuletea kitanda," akawaambia wenzake. "Sasa omena watalala vizuri kuliko mimi."

Wakacheka sana. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Kabla ya Agosti nilirudi mara moja tu. Ilikuwa mwezi wa Aprili, na nilikwenda na fomu zangu na kalamu mbili. Wanawake walikuwa wameinama wakitandaza omena, kama hamsini hivi, na mwanamume pekee aliyesimama pale bila kazi nilikuwa mimi. Nilimwendea mama mmoja nisiyemjua na kumuuliza swali la kwanza, umekitumia mara ngapi. Akainua kichwa na kupaza sauti ili wote wasikie:

"Mnasikia huyu? Anauliza nimetumia kitanda mara ngapi! Baba, hayo muulize mume wangu!"

Ufuo mzima ukalipuka kwa kicheko. Ulikuwa mzaha wa kawaida wa pale, na yule mama alikuwa tayari kunijibu. Nakumbuka alifuta mikono kwenye leso, akangoja. Mtu mwingine angecheka nao na kuuliza tena. Mimi nilihisi masikio yakiwaka moto. Nikasema nimesahau kitu, nikaondoka. Nilifika mpaka Kisumu na fomu ishirini nyeupe kama nilivyopewa.

Baada ya hapo Jacinta alianza kunipigia simu. Nilikuwa naliona jina lake kwenye kioo, naiacha simu ilie mpaka inyamaze. Nilijua atauliza kwa nini siji kuchukua majibu, na sikuwa na la kumwambia. Mwezi wa Mei alinipigia mara saba ndani ya wiki moja. Nikaigeuza simu kifudifudi kwenye meza ya kazi, nikaendelea kupiga msasa.

Julai Mumbi alinipigia pia. Yake nilipokea, kwa sababu nilimwogopa zaidi. Alisema wiki ijayo wanafunga awamu, na anangoja fomu zangu.

Naandika sasa jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu lote. Siku ya Jumapili, Janice akiwa kanisani, nilifunga mlango wa karakana, nikatoa ile karatasi ya majina ishirini, nikajaza fomu zote kwa mkono wangu. Nilitumia kalamu ya buluu na nyeusi, na nikaenda kumwomba Ndirangu kalamu ya kijani ili zisifanane. Sahihi nyingine niliandika kwa mkono wa kushoto. Kwenye swali la kasoro niliandika "Hakuna" mara kumi na saba, na mara tatu nikaandika "Kiongezwe ukubwa kidogo" ili ionekane kweli. Nilikuwa najiambia siibi chochote. Najua kitanda ni kizuri, nilikuwa nasema moyoni, na hao wanawake wangesema hivyohivyo, mimi nawapunguzia kazi tu. Nilipofika jina la Lornah nilimkumbuka na jino lake, nikamwandikia jibu refu kuliko wengine. Nakumbuka hata nilitabasamu.

Mumbi alizipenda fomu. Wiki ya pili ya Agosti akasema nimebaki kati ya watu wanane, na kabla ya kuchagua sita atakwenda Asembo Bay mwenyewe kuwasikia wanawake. Tungekwenda pamoja kwa gari la ofisi. Nililala vibaya siku nne. Nilifikiria kumpigia Jacinta nimweleze, nikafungua jina lake kwenye simu, nikafunga.

Tulifika saa nne asubuhi. Dalmas, mwenyekiti wa ufuo, alikuwa amewakusanya wanawake chini ya banda la kupimia samaki, na walikaa kwenye karai zao zilizopinduliwa. Jacinta alinisalimia kwa mkono, kwa adabu, na hakuniita okewa. Nilitafuta vitanda vyangu ufuoni. Sikuona hata kimoja.

Mumbi akawashukuru, akatoa fomu. "Mama zangu, sitawachosha. Nitasoma jina na kile mlisema, halafu mwenyewe aniongezee kidogo. Sawa?" Akaanza. "Jacinta Akoth. Umesema: Kitanda kilinisaidia wakati wa mvua, omena hawakuoza hata siku moja. Kasoro hakuna."

Jacinta hakumwangalia Mumbi. Alinitazama mimi. Najua kutazamwa na mteja aliyegundua kuwa bawaba haikushika, lakini sijawahi kutazamwa vile. Nilidhani atasema, mimi sijasema hivyo. Nilitamani aseme, ili imalizike.

"Ndiyo," akasema. "Ni hivyo."

Alikuwa amenifunika, kwa sababu mimi ni mtoto wa binti yao na mbele yetu alikaa mgeni. Jina la pili likasomwa, na yule mama, baada ya kumwangalia Jacinta, naye akasema ni hivyo. Nikaanza kupumua. Mumbi akachukua fomu ya tatu.

"Lornah Anyango. Hii niliipenda sana. Umesema: Kitanda hiki kimekuwa rafiki yangu mwezi huu wa Julai. Nikiamka asubuhi siogopi mawingu tena. Ningependa kununua kingine." Akainua uso, anatabasamu. "Mama Lornah ni nani?"

Nilisikia maji yakigonga mbavu za mashua. Mama mmoja wa nyuma alivuta leso akajifunika mdomo, na aliyekaa karibu naye akamshika bega. Mmoja akanong'ona kwa Kidholuo jina la Lornah, polepole, kama mtu anayeita ndani ya nyumba yenye giza. Hapo nikaelewa kabla sijaambiwa. Nikaelewa na zile simu saba za mwezi wa Mei.

"Hayuko leo?" Mumbi akauliza.

Dalmas akakohoa. Ni mtu mwema, Dalmas, na alitaka kuniokoa. "Tulikuwa na Lornah ambaye tulimzika Mei," alisema. "Lakini hii ya Julai… labda ni Lornah mwingine. Lornah ni wengi hapa. Si ndiyo, Zadock?"

Wote walinigeukia. Alikuwa amenifungulia mlango, na upande wa pili wa mlango ule kulikuwa na vyuma vya vitanda hamsini. Ningeweza kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mwingine."

Mumbi akasema pole kwa msiba, akaandika kitu pembeni ya fomu, akaendelea. Majina mengine yote yalijibiwa vivyo hivyo: ni hivyo, ni hivyo. Hakuna aliyetania, hakuna aliyecheka. Ulikuwa kama mkutano wa watu wasiojuana. Mwishoni Mumbi alinipa mkono na kusema ninafanya vizuri, atanipigia Ijumaa. Nilimwambia nitabaki, nina watu wa kuwasalimia. Gari likaondoka.

Jacinta alikuwa anapepeta omena wa jana kwenye ungo. Nilisimama karibu naye muda mrefu kabla hajanisemesha.

"Lornah mwingine anakaa wapi?" akauliza, bila kuinua macho.

Nikageuza macho kwenye ungo wake.

"Nionyeshe nyumba yake nikamsalimie."

"Mama, nisamehe. Sikujua."

"Ungejuaje? Nilikupigia simu. Siku aliyokufa nilikupigia. Tukachimba kaburi, nikakupigia. Watu wakauliza, okewa aliyetuletea vitanda ameambiwa? Nikasema ameambiwa, yuko safarini. Nilidanganya watu matangani kwa ajili yako." Akapepeta mara mbili tatu. "Mwezi wa Mei tulimzika. Leo umemfukua ukamtia maneno mdomoni, na mimi nimekusaidia. Dada yake alikuwa amekaa pale nyuma, unajua?"

Ndiye aliyejifunika leso. Nilitaka kupiga magoti, lakini hata hilo niliona haya kulifanya mbele za watu. Nilisimama tu kama nguzo.

"Sasa nenda kwake," Jacinta akasema. "Nunua sukari na mkate hapo dukani. Msiba hauna kuchelewa, mtu analia siku atakayofika. Msichana wake Valarie yuko. Mpe pole kwanza. Ukimaliza, kama bado una ulimi, mwulize kuhusu kitanda."

Boma la Lornah liko juu ya mteremko, mwendo wa nusu saa kutoka majini. Kwetu mtu akiingia kwenye msiba hulia kwa sauti kuanzia langoni ili wenyeji wajue amefika na huzuni. Mimi sijawahi kuweza hilo, hata baba yangu alipokufa nililia chooni. Siku hiyo nilisimama langoni na mfuko wa sukari, nikafungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa sauti ndogo kama ya mtu aliyejikwaa. Valarie akatoka jikoni. Ana kama miaka ishirini na mbili, na mdomo ni ule wa mama yake kabisa. Aliniangalia.

"Wewe ni Zadock wa vitanda," akasema.

Akanipokea mfuko. Akanionyesha kaburi upande wa kushoto wa nyumba, udongo wake bado mwekundu na majani yameanza kuota pembeni. Nilisimama hapo. Nilisema pole kwa Lornah kimoyomoyo, halafu nikaisema kwa sauti, kwa sababu niliona ya kimoyomoyo ndiyo iliyonifikisha hapo. Nilipogeuka niliona kitanda changu.

Kilikuwa karibu na jiko la nje, na juu yake kulikuwa na sufuria, sahani na vikombe vimepinduliwa vikauke. Nailoni hakuna. Kilikuwa kichanja cha vyombo. Lakini kuna kitu kingine kilichonifanya nikaribie. Kilikuwa kifupi. Miguu yote minne ilikuwa imekatwa, kama urefu wa mkono kutoka kiganja mpaka kiwiko, kwa msumeno wa mkono, na mguu mmoja ulikatwa kimshazari.

"Nani amekata?" nikauliza. Lilikuwa swali langu la kwanza la kweli, nadhani, tangu mambo haya yaanze.

"Mama. Mwenyewe. Aliazima msumeno kwa Dalmas." Valarie akachukua kikombe kimoja akakifuta kwa mkono. "Ulitengeneza kwa urefu wako. Wewe ni mrefu. Mama hakufikia katikati, na omena lazima wageuzwe. Wiki ya kwanza alikuwa anapanda juu ya karai kuwageuza, akaanguka. Alicheka sana. Akasema, nitakata miguu ya kitanda au nitavunja yangu."

Nilikaa chini kwenye jiwe. Nikamwomba aendelee.

"Nailoni alitoa upande huu na upande huu. Alisema ukifunga pande zote omena wanatoka jasho, wanapikika badala ya kukauka. Akiacha wazi, upepo unapita. Hiyo ilifanya vizuri. Lakini kinabeba karai moja tu, na yeye ananunua sita. Halafu ni kizito. Jioni huwezi kukiacha ufuoni, wanaookota vyuma chakavu watakipeleka kuuza. Kwa hiyo kila siku alikuwa ananibebesha mimi upande mmoja mpaka huku juu. Nilichukia kitanda chako, baba, sitakudanganya."

"Na yeye?"

"Hakukichukia. Alikuwa anasema kina akili ila hakijui mtu wake." Akakirudisha kile kikombe juu ya kitanda. "Alitaka kukuambia hayo yote. Kila siku ulipokuwa hauji anasema, akija nitamwambia akate miguu, atoboe pande, atengeneze kwa mbao nyepesi. Aliyapanga yote kichwani. Hata hospitali alisema, yule okewa bado hajaja? Tulimcheka. Tulisema, mama, fikiria kupona kwanza."

Siku ya mazishi, akasema, kitanda ndicho kilichobeba sahani za wageni, na kwa kazi hiyo kilitosha kabisa.

Sikumbuki vizuri nilivyoagana naye. Nakumbuka kwamba nilimwambia kuhusu fomu. Nilimwambia nilichomwandikia mama yake, neno kwa neno, lile la rafiki yangu mwezi wa Julai. Alisikiliza akiwa amekunja mikono. Nilidhani atanifukuza.

"Mama hangesema hivyo," akasema mwishowe. "Mama hakuogopa mawingu. Aliyatukana."

Sikungoja Ijumaa. Siku ya Alhamisi nilivaa lile shati na kwenda Milimani. Mumbi alidhani nimekuja kuulizia matokeo, akaanza kusema kwamba mambo yanaelekea vizuri. Nilimwambia fomu zote ishirini niliandika mimi, na kwamba Lornah ni huyohuyo mmoja aliyezikwa Mei. Nilisema hayo nikitazama mguu wa meza yake. Uliungwa vibaya, na mshono wa kuchomelea ulikuwa umebaki na mapovu.

Alivuta droo. Halafu akazitoa fomu, akazipitia moja moja.

"Hata ya kijani?" akauliza.

"Kalamu ya Ndirangu."

"Nilisoma jina la marehemu mbele ya dada yake," alisema. "Umenifanya nisimame pale nitabasamu." Hakupandisha sauti. Ingekuwa rahisi kwangu kama angepandisha. "Awamu hii umetoka, mzee. Siwezi kufanya vingine. Na ijayo sikuahidi."

"Najua."

Niliinuka. Nilikuwa mlangoni aliponiuliza kama kuna hata mtu mmoja niliyemuuliza kweli. Nikatoa karatasi niliyoandika nyumbani, maneno ya Valarie: miguu ni mirefu, nailoni inatoa jasho, karai moja haitoshi, ni kizito, nilikichukia. Alisoma akarudia. Akaikunja, akanirudishia. Hakuitia kwenye faili, na hakuitupa.

"Hii moja ingekufikisha mbali kuliko hizo ishirini," akasema. "Nenda ukatafute zingine."

Janice nilimwambia jioni hiyohiyo. Alikuwa anachagua mchele wa Ahero kwenye sinia, na aliendelea kuchagua mpaka nikamaliza. Akasema tu, "Kwa hiyo tutakaa kwenye matope." Kisha akaenda kuuosha. Siku mbili hakuongea na mimi, wala na wateja.

Jumatatu nilirudi Asembo Bay. Nilikuwa na daftari moja la shule na kalamu moja. Mashua zilikuwa zimeshafika, wanawake wameinama wakitandaza, na nilipoteremka mchangani kelele zikapungua, zikapungua, mpaka nikasikia viatu vyangu. Yule mama wa mzaha wa Aprili aliniona. Hakutania. Aligeuza uso. Ningetoa chochote siku ile anicheke mbele ya watu wote hamsini.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Jacinta. Nikafungua daftari.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kuuliza," nikasema. "Kile kitanda, mama. Ulikitumia mara ngapi?"

Alinyoosha mgongo polepole, mkono kiunoni. Wanawake wa karibu waliacha kutandaza.

"Mara mbili," akasema. "Ni kibaya. Andika."

Nikaandika.

"Umeandika kibaya?"

"Nimeandika."

"Nionyeshe." Akalivuta daftari, akalisogeza mbali na macho yake ili aone, akalisoma neno lile moja. Akalirudisha. "Sasa andika jina langu. Andika lote, na tarehe ya leo, uandike kwamba niko hai. Halafu kaa hapo kwenye karai, kwa sababu ubaya wake ni mrefu."

Nikakaa.